Barua ya Wazi Husomwa Njiani

Nataka kuwasimulia jambo lililonipata mimi mwenyewe, nalo lilinitia haya kubwa mbele ya watu. Sisimulii ili nijisifu, maana kosa lilikuwa langu tangu mwanzo. Nasimulia kwa sababu siku hizi simu zimeenea hata huku kwetu vijijini, na kosa nililolifanya mimi laweza kumpata mtu yeyote, awe karani, awe mkulima, awe mama wa nyumbani.

Mimi ni karani wa parokia. Nilisoma chuo cha ualimu, nikafundisha shule ya msingi miaka michache, kisha nikaitwa kushika vitabu vya ofisi. Mpaka leo watu huniita Mwalimu. Kazi yangu kubwa ni kuandika na kutunza kitabu cha ubatizo, cha ndoa na cha marehemu. Mtu akitaka kufunga ndoa, hata kama anakaa Dar es Salaam au Mwanza, hutakiwa cheti cha ubatizo kutoka pale alipobatizwa. Tena kiwe cheti kipya, kwa kawaida kisichozidi miezi 6. Sababu yake ni kwamba mtu akifunga ndoa, habari hiyo huandikwa pia karibu na jina lake katika kitabu cha ubatizo. Basi cheti kilichotolewa miaka 10 iliyopita hakiwezi kusema yaliyoandikwa mwaka jana. Nawaomba mlikumbuke jambo hili la cheti kipya, maana nitalirudia.

Zamani watu wa mjini walileta maombi yao kwa barua, wakimpa kondakta wa basi. Barua nyingine zilifika, nyingine zilisahauliwa chini ya kiti. Mwaka 2019 nikaona nitafute njia fupi. Nikatengeneza tovuti ndogo ya parokia, nikijifundisha mwenyewe usiku baada ya kazi. Humo nikaweka saa za Misa, picha ya kanisa letu, na fomu ya kuombea cheti. Mtu aliandika jina lake, mwaka wa kuzaliwa, majina ya wazazi, namba ya simu, na maelezo mengine kama yapo. Akibonyeza tu, maombi yalinifikia. Watu wakafurahi. Nami, nakiri, kichwa kikavimba kidogo.

Palikuwa na jambo moja ambalo sikulijali. Juu ya ukurasa, kando ya anwani, simu iliandika maneno mawili: “Si salama.” Nikajiambia, tovuti ya kanisa itakosaje kuwa salama? Haina matusi, wala haimwibii mtu. Nikayaacha maneno yale yakae pale, kama mtu aachavyo ufa katika ukuta wake. Nanyi mwajua wahenga walisema nini juu ya ufa na ukuta.

Jumatatu moja asubuhi mwenyekiti wa halmashauri ya parokia akaingia ofisini. Ni mzee wa rika la baba yangu, mtu wa maneno machache. Nikamwamkia, “Shikamoo, mzee.” Akaitika, “Marahaba,” lakini hakuketi. Akanionyesha picha katika simu yake. Kumbe Jumamosi alikuwa mjini, amelala nyumba ya wageni, akataka kumwonyesha rafiki yake picha ya kanisa letu. Akaifungua tovuti. Kanisa likaonekana, na chini yake, palepale, likatokea tangazo la kamari, lenye karata na noti za fedha. Yule rafiki akacheka sana, kisha akaupiga picha ukurasa wote.

“Mwalimu,” akasema mzee, “tangu lini parokia yetu inawaita watu kwenye kamari?”

Nikaifungua tovuti kwa kompyuta ya ofisi. Kamari haikuwako.

“Umekwisha iondoa,” akasema. “Nani anakulipa?”

Ndugu msomaji, sikuwa na jibu. Siku zile tulikuwa tukichanga fedha za bati za kanisa, na daftari la michango lilikuwa mikononi mwangu. Mtu anayedhaniwa kupokea fedha za kamari hawezi kuaminiwa na fedha za bati. Ilipofika Jumapili, wawili watatu hawakuniangalia usoni tulipotoka Misa. Mke wangu akaulizwa kisimani kama tumepata mradi mpya.

Padre akaniita. Akasema, “Mwanangu, sisemi kwamba umefanya. Lakini nyumba hiyo ni wewe uliyeijenga. Nenda ukatafute ni nani aliyeingia.”

Nikapanda basi kwenda mjini kwa kijana mmoja tuliyesoma naye chuo cha ualimu, ambaye baadaye aliacha chaki akashika kazi ya kompyuta. Tukaenda hadi ile nyumba ya wageni, tukaagiza chai, tukatumia intaneti ya bure ya pale. Nikafungua tovuti yangu. Kamari hiyo! Kisha akaniambia niache intaneti ya nyumba ile, nitumie ya simu yangu mwenyewe. Nikafungua tena. Kamari haipo.

“Basi umeona,” akasema. “Tovuti yako haina kosa ndani yake. Kosa liko njiani.”

Akanifafanulia hivi. Ukurasa wa intaneti hautoki kwa mwenyewe ukaingia simuni mwako kwa hatua moja. Unapita mikono mingi: kifaa cha kugawia intaneti pale ulipo, mitambo ya kampuni ya simu, na mitambo mingine huko mbele. Anwani ya tovuti yangu ilianza kwa herufi http. Njia hiyo ni ya wazi. Kila mkono unaoipokea waweza kuisoma, waweza hata kuongeza mstari wake, na msomaji asijue ni nani aliyeandika. Kifaa cha nyumba ile kilikuwa kinapachika matangazo katika kila ukurasa wa wazi uliopita. Pengine hata mwenye nyumba hakujua. Ni kama barua aliyopewa kondakta bila bahasha. Akitaka, ataisoma. Akiwa na kalamu, ataongeza neno.

Nikashusha pumzi. Jina langu limesafika! Nikataka kurudi siku ileile. Lakini mwenzangu hakuwa na furaha. Akaiangalia ile fomu ya maombi, akaniuliza, “Na hii nayo hupita njia hiyohiyo?”

Nikasema, “Ndiyo.”

Akasema, “Aliyeweza kuandika, atashindwaje kusoma?”

Neno lile lilinichoma kuliko tuhuma ya kamari. Maana katika fomu zile palikuwa na mambo ya watu. Binti mmoja aliyekuwa akijiandaa kuolewa alikuwa ameandika, pale kwenye maelezo, jambo la kuzaliwa kwake ambalo alilijua yeye na mama yake tu. Aliniandikia mimi kwa sababu bila hilo nisingelipata jina lake kitabuni. Mimi nililifunga moyoni, lakini nilikuwa nimelitembeza barabarani bila nguo. Sheria ya Kanisa, kanuni ya 535, yaagiza vitabu vya parokia vitunzwe visije vikafika mikononi mwa watu wasiohusika. Vitabu vyangu vilikuwa kabatini, na ufunguo shingoni mwangu. Yaliyomo yalikuwa yakipita uchi mitaani.

Basi nikakaa siku mbili kwa mwenzangu, akanifundisha dawa yake. Nitawaeleza kwa kifupi, nanyi mtaona kwamba si uchawi.

Dawa ni kutia barua katika bahasha isiyofunguka njiani. Mtafanyaje bahasha hiyo, ikiwa simu ya msomaji na mashine ya tovuti hazijapata kuonana, na kila zinachosema kinasikiwa na waliopo njiani? Hiyo ilikuwa fumbo la wataalamu kwa muda mrefu. Mwaka 1976 Wamarekani wawili, Whitfield Diffie na Martin Hellman, walitangaza njia ya hesabu ambayo kwayo wawili wanaweza kupatana neno la siri mbele ya watu wote, na watu wasilijue. Mwaka uliofuata Rivest, Shamir na Adleman wakatoa njia yao, nayo mwaweza kuifikiri kama kufuli la kubana. Kufuli la namna hiyo kila mtu aweza kulifunga kwa mkono, lakini kulifungua lazima awe na ufunguo, na ufunguo uko kwa mwenyewe peke yake. Basi mwenye kufuli hulitawanya wazi kwa wote, akauficha ufunguo. Mwaka 1995 kampuni ya Netscape ya Marekani ikaleta ufundi wa namna hiyo katika kurasa za intaneti, nao umetengenezwa na kuimarishwa mara nyingi tangu hapo. Tovuti inayoutumia, anwani yake huanza kwa https. Ni herufi moja tu imeongezeka, lakini tofauti yake ni ya bahasha na karatasi tupu.

Limebaki swali moja. Kufuli nimelipokea, lakini nitajuaje kwamba limetoka kwa yule ninayemtaka, wala si kwa mwizi aliyesimama katikati ya njia akitoa kufuli lake? Hapo, ndugu wasomaji, nikatabasamu kwa mara ya kwanza, maana jibu lilikuwa kazi yangu ya kila siku. Jibu ni cheti! Padre wa Dar es Salaam hamjui bwana arusi wetu. Lakini anaujua muhuri wa parokia. Ndivyo ilivyo huko. Yako mashirika yanayoaminiwa, ambayo huthibitisha kwamba kufuli hili ni la tovuti yenye jina hili, yakatia muhuri wao. Simu yako ina orodha ya mihuri hiyo. Ikiona cheti hakina muhuri unaojulikana, hukupigia kelele.

Na muhuri ukiibiwa? Hilo nalo limetokea. Mwaka 2011 wezi waliingia katika mitambo ya shirika moja la vyeti la Uholanzi, DigiNotar, wakatoa vyeti vya uongo, kimoja kwa jina la Google, na watu wa Iran wakapelelezwa kwacho. Habari ilipojulikana, muhuri wa shirika lile ulifutwa katika orodha, na mwaka uleule shirika likafilisika. Tangu niliposikia habari hiyo, muhuri wa parokia siuachi tena juu ya meza nikienda kunywa maji.

Zamani vyeti hivi vilinunuliwa kwa fedha, na watu wadogo kama mimi walikata tamaa. Lakini tangu Desemba mwaka 2015 shirika moja lisilotafuta faida, liitwalo Let's Encrypt, hutoa vyeti bure kwa kila anayetaka. Halikuulizi kabila wala cheo. Hutaka jambo moja tu, uonyeshe kwamba tovuti ni yako. Mashine yao hukupa neno fulani, wewe unaliweka mahali fulani katika tovuti, nayo huja kulitazama. Likionekana, cheti kinatolewa. Kazi yote ilituchukua muda mfupi kuliko kuchemsha maharagwe.

Lakini kazi haikuishia hapo. Watu wengi walikuwa na anwani ya zamani, basi ilitupasa kuweka amri kwamba kila anayebisha mlango wa zamani apelekwe moja kwa moja kwenye mpya. Hata hivyo alama ya kufuli ilikataa kutokea sawasawa. Tukatafuta, tukatafuta. Kumbe ile picha ya kanisa ilikuwa bado ikiitwa kwa njia ya wazi, kwa maana niliandika anwani yake kwa http. Ni sawa na kufunga mlango wa mbele na kuacha dirisha la jikoni. Tukasahihisha herufi ile moja, na kufuli likafunga.

Nikarudi nyumbani, nikamweleza Padre yote, ya kamari na ya fomu. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali nililoliogopa. “Hao walioandika, utawaambia?”

Walikuwa watu 17. Nikawapigia simu mmoja mmoja kwa siku tatu. Nikawaambia: mambo mliyoniandikia yalipita njia ya wazi, sina habari kwamba mtu ameyasoma, lakini angeweza. Wengine walicheka, wengine walinikaripia, na walikuwa na haki. Nilimwacha yule binti mwisho, kwa woga. Nilipokwisha sema, alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema, “Ahsante kwa kuniambia, Mwalimu. Nitamwambia mwenzangu mimi mwenyewe, kabla hajaambiwa na mtu mwingine.” Wakafunga ndoa mwaka uliofuata, na ni mimi niliyeandika habari hiyo karibu na jina lake kitabuni.

Katika kikao cha halmashauri nikaeleza kwa mfano. Nikatoa karatasi mbili, moja wazi, moja katika bahasha iliyotiwa gundi, nikazipitisha mkono kwa mkono kutoka benchi la nyuma. Ile ya wazi ilifika mbele ikiwa imeongezwa maneno mawili ya mzaha na vijana wa kwaya. Ile ya bahasha ilifika kama ilivyotoka. Mwenyekiti akasimama, akasema, “Mwalimu, nilikosa kukudhania mla rushwa. Nawe ulikosa kuacha mlango wazi ilhali uliandikiwa kwamba si salama.” Maneno yalikwisha hapo. Daftari la michango likabaki mikononi mwangu, na bati zikanunuliwa.

Je, niliacha kujivuna? La, bado kidogo. Cheti changu kilikuwa cha siku 90. Nilijua, nikasema nitakumbuka, nisikumbuke. Siku moja tovuti ikawatisha watu wote kwa onyo kubwa lililojaa kioo kizima. Simu ikalia toka asubuhi: “Mwalimu, tumeibiwa?” Hatukuibiwa, cheti kilikuwa kimekwisha tu. Mimi ninayewarudisha maharusi kwa cheti cha zamani, nilikamatwa kwa cheti cha zamani! Maana sababu ni ileile. Cheti husema kweli ya siku kilipotolewa, na mambo hubadilika. Sasa nimeiamuru mashine ikiombe upya yenyewe kabla ya siku zake kwisha, nami huitazama kila mwezi.

Na sasa, wasomaji, nina maonyo machache, hasa kwenu mnaotuma na kupokea fedha kwa simu.

Msidhani kwamba kufuli lamaanisha mwenye nyumba ni mtu mwema. Kufuli husema mambo mawili tu, kwamba njia imefungwa, na kwamba unayezungumza naye ndiye mwenye jina lile lililoandikwa juu. Mwizi naye aweza kuchukua cheti cha bure kwa tovuti yake ya wizi, akakutolea fomu nzuri uandike namba yako ya siri. Atakuwa amekuibia ndani ya bahasha iliyofungwa vema. Watu wengi walikosea hapo, hata Google wakaiondoa ile picha ya kufuli katika programu yao ya Chrome mwezi Septemba mwaka 2023, wakaweka alama nyingine, ili watu wasiione kama hati ya uaminifu. Basi lisomeni jina la tovuti herufi kwa herufi, kama mnavyosoma jina la mtu katika hati ya shamba.

Tena, mkiona maneno “Si salama”, msiandike humo jina la mtoto, wala namba ya kitambulisho, wala neno la siri. Programu ya Chrome imeyaandika maneno hayo juu ya kila ukurasa wa wazi tangu Julai mwaka 2018. Mimi yalinikaa mbele ya macho, nikayadharau.

Mwisho, bahasha hulinda njia peke yake. Barua ikifika, huwa mikononi mwa aliyeipokea. Kwa hiyo nimepunguza maswali katika fomu yetu. Yale maelezo mengine siyaombi tena. Mwenye jambo la ndani hunipigia simu au huja mwenyewe. Na maombi yakikwisha shughulikiwa, nayafuta. Usichokihifadhi hakiwezi kuibiwa kwako.

Yule mzee mwenyekiti sasa ndiye mlinzi wangu. Kila aendapo mjini huifungua tovuti yetu katika nyumba ileile ya wageni. Juzi alirudi, akapita ofisini. Nikamwamkia, akaitika, akaketi. Akavaa miwani, akaniwekea simu mezani, kidole juu ya anwani.

“Mwalimu,” akasema, “hiyo s ipo. Nimeitazama mara mbili.”